Nyumba ya Pili na Miiko ya Uongozi: Somo la Historia kutoka Kilimatinde

1. Swali lenyewe

Katika madarasa ya siasa, kila tunapofika kwenye somo la Miiko ya Uongozi, huzuka swali moja ambalo baadhi ya wakufunzi hulikwepa na wengine hulijibu kwa ukali. Swali lenyewe ni hili: kiongozi ambaye amefanya kazi miaka ishirini, akaweka akiba kutokana na mshahara wake halali, na akakopa benki kwa taratibu zinazojulikana, ana kosa gani akinunua nyumba ya pili? Muulizaji huongeza kwamba bei za viwanja zinapanda kila mwaka, kwamba pensheni haitoshi, na kwamba kiwanja asichokinunua yeye leo kitanunuliwa kesho na mwenye fedha zaidi, ambaye huenda hata mwanachama si.

Swali hili si la mpumbavu wala la adui. Linatokana na hali halisi ya maisha ya watumishi wetu, na kada anayelijibu kwa kumwita mwenzake kupe hajafundisha kitu. Amemfunza tu kunyamaza. Kazi ya itikadi ni kueleza. Na katika kueleza jambo la ardhi na nyumba, mwalimu mzuri kuliko wote ni historia.

Kwanza tutenganishe mambo, maana neno "nyumba ya pili" linafunika vitu vitatu tofauti. Kuna makazi ya pili ya mtu ambaye kazi yake iko mjini na wazee wake wako kijijini. Nyumba hiyo anaitumia yeye na jamaa zake. Kuna nyumba ya mapumziko, ambayo mwenyewe huitembelea wiki chache kwa mwaka, na miezi iliyobaki inalindwa na mlinzi. Na kuna nyumba au kiwanja kinachonunuliwa ili kipangishwe, au kikae tu kikingojea bei ipande. Kwa macho vyote vitatu ni kuta na paa. Lakini uhusiano unaozaliwa kati ya mwenye nyumba na watu wengine si mmoja, na itikadi yetu hupima uhusiano huo. Idadi ya matofali haitueleze kitu.

Somo letu litaanzia Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Huenda msomaji akashangaa kwa nini tusianzie Oysterbay au Mikocheni, ambako nyumba zinagombewa kwa fedha nyingi. Sababu ni kwamba mahali ambapo bei iko juu sana, watu huona bei tu. Kilimatinde imewahi kupanda, ikashuka, na sasa iko jirani na mambo yanayoweza kuipandisha tena; kwa hiyo inatuonyesha bei inatoka wapi.

2. Ardhi kabla ya hati

Kilimatinde iko ukingoni mwa Bonde la Ufa. Aliyesimama hapo anaiona nchi ikishuka mashariki kuelekea mbuga za Bahi. Ni nchi ya Wagogo, yenye mvua chache na njaa za mara kwa mara. Karibu yake ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kila msafara ulilazimika kulipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili upate maji na njia kabla ya kuingia pori lililoitwa Mgunda Mkali.

Katika nchi hiyo makazi mawili hayakuwa jambo geni. Mfugaji alikuwa na tembe lake na pia alikuwa na mahali pa kupeleka mifugo wakati wa kiangazi. Wengi waliweka ng'ombe kwa marafiki na jamaa wa mbali, ili mvua ikikosekana huku, uzima ubaki kule. Waliopitia njaa kubwa ya Mtunya kati ya mwaka 1917 na 1920, ambayo iliua maelfu ya watu wa Ugogo baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka na mifugo, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu asiweke maisha yake yote mahali pamoja.

Lakini makazi hayo ya pili yalikuwa na sharti moja: haki ya mtu juu ya ardhi ilitokana na kuitumia. Aliyefyeka shamba alikuwa na haki nalo maadamu analilima. Hakuweza kuzungushia pori uzio, akaenda zake, kisha akarudi baada ya miaka kumi kumwuzia mwenzake haki ya kulima. Tusiipambe jamii ile kupita kiasi. Ilikuwa na watemi wenye ng'ombe wengi na wanyonge wasio nao, na wanawake hawakuwa na sauti sawa na wanaume. Hata hivyo, kuichuma ardhi kwa kuikalia tu bila kuitumia hakukuwemo katika desturi zake.

3. Boma, reli na kuhama kwa thamani

Ukoloni ulileta sheria nyingine. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni hili iliyoonekana kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola. Kwa kalamu moja, malisho, mapori ya kuwinda na mashamba yaliyopumzishwa yakageuka kuwa ardhi "tupu". Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde. Walichagua mahali pa juu, karibu na njia ya misafara, wakawa wanaitawala nchi ya chini na ya juu kutoka hapo.

Palipo na boma huja askari, makarani, wenye maduka, mafundi na wapagazi, na kipande cha ardhi kilicho karibu na boma hugeuka kuwa kitu cha kugombewa. Ndivyo Kilimatinde ilivyopata kuwa mahali penye jina kwenye ramani za wakati ule, wakati Manyoni haikuwa na umuhimu wowote kwa watawala.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipopanda ukingo wa Bonde la Ufa haikupita Kilimatinde. Ilipita kaskazini yake, kwa Saranda na Manyoni, kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mwenye kiwanja yeyote. Biashara ikafuata stesheni, na hatimaye makao ya wilaya yakawa Manyoni. Kilimatinde ikabaki na hospitali ya misheni ya Kianglikana, shule, na wakulima wake.

Hapa kuna fundisho ambalo kila kada anapaswa kulishika barabara. Nyumba za Kilimatinde hazikuharibika siku reli ilipopita kwingine. Kuta zilikuwa zile zile na mandhari ya Bonde la Ufa yalikuwa yale yale. Kilichoondoka ni ile thamani ambayo haikuwamo katika kuta tangu mwanzo. Na mtu aliyekuwa na kipande cha ardhi kando ya stesheni ya Manyoni aliamka tajiri kuliko jana, ingawa hakubeba taruma hata moja. Mataruma yalibebwa na maelfu ya vibarua Waafrika, wengi wao wakisukumwa na kodi ya kichwa, na gharama ililipwa na jasho lao pamoja na rasilimali zilizokingwa na dola ya Kijerumani.

Basi tofautisheni mambo mawili. Thamani ya nyumba yenyewe, yaani tofali, bati, mlango na ufundi, huzalishwa na kazi ya waliojenga, na mwenye kulipia kazi hiyo ana haki yake. Lakini thamani ya mahali huzalishwa na umma wote: reli, barabara, bomba la maji, umeme, soko, shule, na amani ya nchi. Bei ya kiwanja inapopanda, aliyeipandisha ni umma. Swali zima la nyumba ya pili katika soko lenye kugombaniwa ni hili: ongezeko hilo linaingia mfukoni mwa nani?

4. Mapumziko ya watawala

Watawala wa kila zama walilijibu swali hilo kwa manufaa yao. Masultani wa Unguja hawakuridhika na majumba ya mjini. Walijenga ya pili na ya tatu pwani na mashambani: Mtoni la Seyyid Said, kisha Marahubi na Chukwani ya Seyyid Barghash. Upepo wa bahari ulikuwa zawadi ya Mungu, lakini gharama ya majumba ilitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipoitwaa ardhi na kuanza kuwagawia wakulima eka tatu tatu, yaliujibu utaratibu huo moja kwa moja.

Wajerumani bara walitafuta baridi ya milima. Usambara walijenga Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, na huko Wugiri wakaweka nyumba ya serikali ya kupumzishia Wazungu waliochoshwa na joto na malaria ya pwani. Wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikuwa na mahali pao pa kupumzikia Kiboriani, milimani juu ya Mpwapwa. Hatusemi kwamba mgonjwa hakustahili kupumzika. Tunasema kwamba milima ya Usambara ilikuwa na Wasambaa waliokuwa wakiilima, na kwamba pumziko la mmoja lilipatikana kwa kumsogeza mwingine.

Jirani zetu wa Kenya wanatuonyesha mwisho wa njia hiyo pale uhuru unapopatikana bila kubadili msingi wake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani kuandikisha madai yao ya ardhi. Walioifahamu sheria na kuwa na maandishi waliandikisha; Wamijikenda wengi hawakuandikisha, wakajikuta maskwota juu ya ardhi ya babu zao. Baada ya uhuru, viwanja vya ufukweni viligawiwa kwa wenye nafasi serikalini na marafiki zao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma nchini humo ilivyogawanywa kinyume cha taratibu. Huko Malindi na Lamu nyumba za likizo za wageni kutoka Ulaya zimejengwa kando ya vijiji ambavyo watu wake hawana hati hadi vizazi vitatu.

5. Jibu la TANU

TANU iliiona hatari hiyo mapema. Wajumbe wake walikuwa wanaikumbuka kesi ya Wameru, waliofukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, na ambao mwakilishi wao Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza kwamba Waafrika nao wapewe umilikaji wa moja kwa moja wa ardhi, unaouzika bila mpaka, Mwalimu Nyerere aliandika makala yaitwayo Mali ya Taifa kulipinga pendekezo hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito: ardhi haikutengenezwa na mtu, kwa hiyo mtu ana haki ya kile alichokifanya juu yake, si ya ardhi yenyewe; na katika nchi ya maskini, soko huria la ardhi litazaa wachache wenye nchi na wengi wapangaji katika nchi yao wenyewe.

Baada ya Uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umilikaji wa milele uligeuzwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki yenye masharti ya kuendeleza.

Kisha likaja Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Katika Miiko ya Uongozi liliweka makatazo yanayojulikana: hisa katika makampuni ya kibepari, ukurugenzi katika makampuni hayo, mishahara miwili, na nyumba za kupangisha. Angalieni usahihi wa katazo la mwisho. Halikumkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kuishi, wala halikumkataza kumjengea mama yake kijijini. Lilikataza nyumba ya kumpangisha mtu mwingine. Sababu yake si wivu. Kiongozi mwenye nyumba za kupangisha hupata faida pale nyumba zinapokuwa chache na kodi zinapopanda. Naye huyo huyo ndiye anayekaa katika kamati ya kupunguza uhaba wa nyumba. Azimio liliona kwamba mtu huyo atakuwa na mioyo miwili, na kwamba haifai kumwomba binadamu apigane kila siku na mfuko wake.

Tarehe 22 Aprili 1971 hatua ikaenda mbele zaidi. Kwa Sheria ya Kutwaa Majengo, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliwekwa mikononi mwa umma chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba iliyokaliwa na mwenyewe haikuguswa. Waliojenga zamani, zaidi ya miaka kumi, hawakulipwa fidia, kwa hoja kwamba kodi za wapangaji zilikwisha kurudisha gharama.

Historia ya kweli haifichi upungufu. Wengi waliotwaliwa majengo walikuwa wananchi na wakazi wenye asili ya Asia, na palikuwapo watu walioligeuza jambo la uchumi kuwa chuki ya rangi, kinyume cha msimamo wa Chama ambao ulikuwa unapima unyonyaji bila kutazama ngozi. Kodi za Msajili zilikuwa ndogo mno kuweza kulipia ukarabati, nyumba nyingi zikachakaa, na kupata ufunguo wa nyumba ya umma mara nyingine kulihitaji kujuana. Fundisho lake ni kwamba kuondoa mwenye nyumba bila kujenga nyumba mpya hugeuza foleni ya fedha kuwa foleni ya kujuana. Asiye na fedha wala ndugu hubaki mwisho katika foleni zote mbili.

6. Mgeuko wa 1991

Miaka ya 1980 iliijaribu Miiko kwa njaa. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kushuka kwa bei ya mazao yetu viliufanya mshahara wa mtumishi usitoshe hata kumlisha mwezi. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kurekebisha uchumi. Wakati huo viongozi wengine walikuwa tayari na miradi iliyoandikwa kwa majina ya wake na watoto. Miiko ilikuwa ukutani, na nyumba zilikuwa mtaani.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, ilipokutana Zanzibar, ililegeza masharti hayo. Mwanachama aliruhusiwa kuwa na hisa, kipato zaidi ya kimoja na nyumba ya kupangisha. Waliotetea uamuzi huo walisema ni afadhali ukweli wa wazi kuliko uwongo wa siri, na katika hoja hiyo palikuwa na uzito. Lakini tuangalie kilichofuata kwa macho ya historia. Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi kutangaza mali zake. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ilitamka wazi kwamba ardhi ina thamani, ikabakiza ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na ikamzuia mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwaka 2002 serikali iliamua kuwauzia watumishi nyumba zake, na maelfu ya nyumba zilizojengwa kwa fedha za umma, nyingi zikiwa katika viwanja bora vya miji, zikaingia mikononi mwa watu binafsi.

Katazo liliondoka, likaachiwa nafasi tamko la mali. Haya mawili hayafanani. Katazo lilimzuia kiongozi asiwe na mioyo miwili. Tamko linamruhusu kuwa nayo, mradi aiandike kwenye fomu.

7. Reli ya pili

Turudi sasa Kilimatinde, kwani yale ya mwaka 1910 yanakuja tena kwa sura nyingine. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulitekelezwa polepole, mpaka Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahamia kweli. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Viwanja vya Dodoma vimekuwa vya kugombewa, na anayeshindwa mjini huanza kutazama nje ya mji. Kutoka Dodoma hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya lami. Reli ya kisasa ilianza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Kipande chake cha Morogoro hadi Makutupora, chenye urefu wa kilomita 422, kinaishia katika mkoa huu wa Singida, na kile cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, kinapita Manyoni.

Hewa ya ukingoni mwa Bonde la Ufa ni nzuri, na mandhari yake hayahitaji dalali wa kuyasifu. Hahitajiki nabii kujua kwamba mahali kama hapa panaweza kugeuka kuwa pa nyumba za mwisho wa juma za watu wa mjini. Mwenye jembe wa Kilimatinde ataingia sokoni akiwa na nini?

Husemwa kwamba soko ni uwanja sawa, mwenye bei nzuri anashinda. Lakini katika soko la ardhi kuna silaha tatu. Ya kwanza ni habari: nani amejua kabla ya wengine barabara itapita wapi na stesheni itakaa wapi. Ya pili ni fedha taslimu, au mkopo unaopatikana kwa dhamana ya nyumba ya kwanza. Ya tatu ni mhuri: uwezo wa kupima, kugawa na kusaini. Mkulima hana hata moja kati ya hizo tatu. Ana ardhi tu, na mwaka wa mvua mbaya anayo na njaa pia. Mfanyabiashara ana ya pili. Kiongozi anaweza kuwa na zote tatu, na hapo ununuzi wake hauwezi kuitwa biashara ya kawaida hata kama kila shilingi aliyolipa ni halali. Amenunua kwa bei ya jana kitu ambacho kikao alichohudhuria yeye kimeamua kukipandisha kesho.

Kuna watakaopinga hivi: mkulima mwenyewe anataka kuuza, ana ada ya shule, ana mgonjwa, ninyi ni nani mumzuie? Pingamizi hili ni la haki na halijibiwi kwa amri. Lakini mkulima anayeuza eka kando ya barabara kwa ajili ya ada ya mwaka mmoja, kisha akaajiriwa kuilinda nyumba iliyojengwa juu ya eka hiyo hiyo, hakupata uhuru wa soko. Amebadilisha haki ya kudumu kwa mahitaji ya msimu. Kumsaidia ni kumpa njia nyingine: kumkodisha mwekezaji kwa muda badala ya kumwuzia moja kwa moja, na kupata mkopo wa ushirika kabla ya njaa kumpeleka kwa dalali.

8. Kazi zilizo mbele yetu

Kazi ya kwanza iko katika vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji neno juu ya ugawaji wake. Inaruhusu pia hati ya hakimiliki ya kimila kwa kila anayeishi na kulima hapo, akiwamo mwanamke kwa jina lake mwenyewe. Mpango wa matumizi ya ardhi ukipangwa kabla ya wanunuzi kufika, kijiji huzungumza nao kimesimama. Ukipangwa baada yao, kijiji huwa kinaandika tu kile ambacho wengine walikwisha amua.

Kazi ya pili ni ya kodi. Kama thamani ya mahali imeletwa na umma, sehemu yake irudi kwa umma kwa njia ya kodi ya ardhi na kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia mita za LUKU, na nyumba ya kawaida ya ghorofa ya chini ikawekewa kiwango kimoja. Ukusanyaji ulirahisishwa, lakini kiwango kimoja hakitofautishi nyumba pekee ya mjane na nyumba ya nne ya tajiri. Makada wanaoingia kwenye mabaraza ya madiwani wana wajibu wa kuusemea upungufu huo.

Kazi ya tatu ni yetu wenyewe, nayo haihitaji sheria mpya. Sheria ya leo inamruhusu kiongozi kununua. Dhamira ya kada inaweza kumtaka zaidi ya sheria. Kabla ya kununua ajiulize maswali matatu. Je, nyumba hii nitaikalia au kuitumia mimi na jamaa zangu, au nangojea bei na wapangaji? Je, nilijua jambo lolote juu ya mahali hapa ambalo anayeniuzia hakulijua, na nililijua kwa sababu ya cheo changu? Je, niko tayari ununuzi huu usomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji kile, nikiwa nimeketi mbele yao? Anayejibu vizuri yote matatu na anunue, wala mtu asimsimange. Anayekwama kwenye moja tu aache, hata kama wakili amemwambia hati ni safi.

Na yule mwenzetu aliyeuliza swali darasani tusimwache bila jibu la pensheni yake. Hofu ya uzee ndiyo inayowasukuma watumishi waadilifu kugombania viwanja, kwa sababu wanaona nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni pekee isiyoyeyuka. Chama kinachotaka viongozi wasio na mioyo miwili lazima kipiganie mafao ya uzee yanayotosha, kwa mtumishi na kwa mkulima ambaye hana mafao yoyote. Bila hilo, Miiko itahubiriwa na walioshiba na kuvunjwa na wenye hofu, kama ilivyotokea katika miaka ya 1980.

Reli ya kwanza iliipita Kilimatinde bila kumwuliza mtu, kwa kuwa nchi haikuwa ya watu wake. Sasa nchi ni yetu na vikao ni vyetu. Thamani itakayoletwa na reli ya pili na makao makuu mapya ikiingia kwenye mifuko michache, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.